Mchuaji apimwe kwa ujuzi wake, si kwa mtaa aliopanga

Diwani anaposimama kwenye baraza kulalamikia vituo vya masaji, mara nyingi huwa amefunga mambo matatu katika furushi moja. Kuna ukahaba unaodaiwa kujificha nyuma ya pazia. Kuna afya ya mteja anayelala kitandani na kuchuliwa na mtu ambaye hajulikani alisomea wapi. Na kuna wapangaji wa ghorofa ya juu waliochoka kusikia mlango ukigongwa saa sita za usiku. Mambo haya hayafanani, kila moja lina sheria yake na watu wake wa kulishughulikia, lakini jibu la halmashauri huwa moja tu: vituo vihamishwe. Visiwe karibu na shule, visiwe karibu na msikiti wala kanisa, visizidi idadi fulani katika kata, vifungwe mapema.

Jibu hilo limejaribiwa kwa miaka mingi na tunajua linakoishia. Ramani ya mji inaweza kusema duka likae wapi. Haiwezi kusema ndani yake yumo nani na anafanya nini. Anayetaka kumtenga mchuaji halali na danguro hana budi kuanza na mtu, amjue kwa jina na kwa mafunzo yake, kisha ndipo aje kwenye nyumba. Jimbo la California nchini Marekani limepita njia hii kwa taabu. Lilielemea upande mmoja mpaka likapindukia, likarudi upande wa pili likapindukia tena, na mwaka 2014 likaandika sheria ambayo madiwani wa Dar es Salaam na Arusha, na wawakilishi wa wadi kule Nairobi na Mombasa, wangefaidika wakiisoma kifungu kwa kifungu.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali, kwa madobi. Mwaka 1880 wakuu wa mji wa San Francisco walipitisha sheria ndogo: mtu asifanye kazi ya udobi ndani ya jengo la mbao bila kibali cha bodi inayotawala mji. Sababu iliyotajwa ilikuwa moto, na haikuwa sababu ya kubuni, maana sehemu kubwa ya mji ule ilikuwa ya mbao na dobi huwasha moto mchana kutwa. Maduka ya dobi yalikuwa kama 320, na karibu 310 kati yake yalikuwa ya mbao. Wachina walimiliki kama 240. Wachina wapatao 200 wakaomba kibali, wote wakanyimwa. Wasio Wachina karibu 80 wakaomba; wakapewa, isipokuwa mmoja.

Mchina mmoja, mwenye duka la udobi lililoitwa Yick Wo, alikuwa amefua nguo za watu katika jengo lile lile kwa miaka 22. Alikuwa na hati ya wakaguzi wa moto iliyosema majiko yake ni salama, na hati ya afisa afya iliyosema maji yake machafu yanaondolewa ipasavyo. Hati zote mbili hazikumsaidia. Alitozwa faini ya dola 10, hakulipa, akawekwa ndani. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimwachia huru, ikasema kwamba sheria inayosomeka vizuri kwenye karatasi, ikitekelezwa kwa jicho baya na mkono usio sawa, inavunja katiba sawasawa na sheria iliyoandikwa kwa ubaguzi.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, mji mdogo wa Modesto, katika jimbo hilo hilo, ulikuwa umepata njia ya utulivu zaidi. Haukumnyima mtu kibali. Ulisema tu kwamba madobi yote yawe magharibi ya reli na kusini ya barabara ya G, yaani kule walikoishi Wachina. Sheria hiyo ndogo huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani kugawa mji kwa matumizi, na mahakama ya juu ya California iliipitisha mwaka 1886. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kumnyima Mchina kibali waziwazi kulishindwa mahakamani. Kumchorea mstari kwenye ramani kulipita. Tangu hapo kila mji ulioudhiwa na biashara ya watu fulani umekuwa ukijua chombo cha kushika.

Nimewaleta madobi kwa sababu sehemu kubwa ya wanaofanya kazi katika vituo vya masaji vya California leo ni wanawake wahamiaji kutoka Asia. Wengi hawakijui Kiingereza vizuri, na masaji ni moja ya kazi chache ambazo mikono ya mtu huaminiwa kabla ya ulimi wake. Sheria ndogo ya masaji huandikwa kwa maneno ya jumla kama ile ya madobi. Anayeumia anajulikana kabla wino haujakauka.

Katikati ya safari hii masaji ilitupwa kwenye kapu lisilo lake. Miaka ya 1970 miji ya Marekani ilikuwa ikipambana na kumbi za sinema za ngono, na mahakama ikairuhusu kuzipangia mahali: Detroit mwaka 1976, kisha Renton, jimbo la Washington, mwaka 1986. Renton ilikataza kumbi hizo ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka nyumba za makazi, makanisa, bustani au shule. Hoja iliyokubaliwa ilikuwa kwamba mji hauzuii yanayooneshwa ndani, unazuia athari zinazomwagika nje: uhalifu, kushuka kwa thamani ya nyumba, kelele. Kwa ukumbi wa sinema hoja hiyo inaeleweka, kwa kuwa ukumbi wenyewe hutangaza unachouza. Kituo cha masaji ni kitu kingine. Viwili vinaweza kukaa ukuta kwa ukuta, kimoja kikitibu migongo ya madereva wa malori na kingine kikiuza miili ya wasichana, na kwa mtu aliye nje vikafanana kila kitu, kuanzia bango hadi bei. Kuvipima vyote kwa mita 300 ni kumpa adhabu moja mwenye kosa na asiye na kosa.

New York ilikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na hasira na madanguro ya Times Square, eneo la katikati ya mji, yaliyojiita vituo vya masaji na afya, iliandika kwenye kanuni zake za matumizi ya ardhi kwamba ukumbi wowote wa mazoezi ya mwili au spa lazima uende mbele ya bodi kuomba kibali maalumu. Times Square ikabadilika, madanguro yale yakaondoka, kanuni ikabaki. Miongo minne baadaye mtu aliyetaka kufungua jimu yenye mashine sita, au ukumbi wa kufundishia watoto karate, bado alilazimika kuajiri mwanasheria, kusubiri miezi sita au zaidi, na kwa hesabu ya mji wenyewe kutumia hadi dola 50,000 kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Baraza la mji liliifuta kanuni hiyo Desemba 2021. Mwenye mtaji mkubwa aliweza kubeba gharama hiyo. Mwalimu wa karate wa mtaani hakuweza, na hakuna hesabu itakayotuambia ni wangapi walikata tamaa wakafanya kazi nyingine.

Turudi California. Kabla ya mwaka 2009 kila mji ulikuwa na kibali chake cha masaji. Kaunti ya Los Angeles peke yake ina miji 88. Mchuaji anayebeba kitanda cha kukunja kwenye gari na kuwafuata wateja majumbani angeweza kutakiwa vibali kadhaa, apigwe alama za vidole mara kadhaa, alipe ada mara kadhaa, na penginepo apelekwe kupimwa maradhi, jambo ambalo kinyozi wa jirani yake hakulisikia. Wachuaji walidai sheria ya jimbo zima, na Bunge likaipitisha mwaka 2008, ianze Septemba 2009. Ikaundwa taasisi isiyo ya kibiashara, Baraza la Masaji la California, ya kutoa cheti kinachotambulika kila mahali. Kulikuwa na ngazi mbili, ya saa 250 za masomo na ya saa 500, na alama za vidole za mwombaji zilichunguzwa na idara ya sheria ya jimbo pamoja na FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani.

Mpaka hapo ilikuwa kazi nzuri. Kilichoharibu ni kifungu kimoja kilichosema kwamba kituo ambacho wafanyakazi wake wote wana cheti, mji hauwezi kukiwekea masharti ya eneo zaidi ya yale inayowawekea watoa huduma wengine wa kitaalamu, kama mhasibu au wakili. Kwa wachuaji lilionekana ni suala la heshima, na naelewa kwa nini. Lakini nyumba ya masaji si ofisi ya mhasibu. Mteja yuko uchi nusu, mlango umefungwa, mara nyingi ni usiku. Waliosubiri mwanya waliuona. Vyuo vya mfukoni vikaanza kuuza hati za masomo ambayo hayakufanyika. Vituo vikajipanga vitatu, vinne kwenye mtaa mmoja wa maduka. Polisi wakimkamata mwanamke mmoja, kituo hufungwa kwa siku chache na kufunguliwa kwa jina la mmiliki mwingine, huku mwenye kula faida akiwa yule yule ambaye jina lake halipo popote. Mji ulikuwa na vituo hivyo mbele ya macho yake na hauna sheria ya kuvigusa.

Malalamiko ya miji hayakuwa ya chuki peke yake. Shirika la Polaris, linalopambana na usafirishaji haramu wa binadamu, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba Marekani ina vituo zaidi ya 9,000 vinavyotumia jina la masaji kufunika biashara ya ngono. Ndani yake wamo wanawake walioingia kwa hiari kwa sababu ya deni na ukosefu wa kazi, na wamo waliolazimishwa, walionyang'anywa pasi, wanaolala kwenye kitanda kile kile wanachofanyia kazi. Mtu anayesema haya ni uzushi wa wazungu waoga hajasoma.

Septemba 2014 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria mpya, muswada namba AB 1147, na Januari 1, 2015 ikaanza kazi. Iliirudishia miji mamlaka juu ya nyumba: mahali, saa za kazi, ukaguzi, usajili, na uchunguzi wa historia ya mmiliki asiye na cheti. Ikaliachia Baraza mamlaka juu ya mtu, na kiwango kikawa saa 500 kwa kila mwombaji mpya. Miji mingi ilikuwa na hamu kubwa mno. Mingine ilisimamisha vibali vipya vyote kwa dharura, jambo ambalo sheria ya jimbo huruhusu kwa siku 45 za kwanza na kwa nyongeza hadi miaka miwili.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni sehemu nyingine ya sheria hiyo, ile inayotaja mambo ambayo mji umekatazwa kuyafanya. Imo katika kifungu cha 51034 cha Kanuni za Serikali za California, na kila mstari wake unaonesha jambo ambalo mahali fulani afisa fulani aliwahi kulifanya au kutaka kulifanya. Mji usikataze mwanamke kumchua mwanamume wala mwanamume kumchua mwanamke. Usikihesabu kituo cha masaji kuwa burudani ya watu wazima. Usilazimishe kuta zisizofika darini, wala madirisha ya ndani yanayomwanika mteja aliyevua nguo. Usimtake mteja avae vazi maalumu, wala usidai afunikwe zaidi ya sehemu za siri na matiti ya mwanamke. Usilazimishe kituo kibandike, mahali wateja wanapoona, tangazo lenye kutaja viungo vya uzazi au vitendo vya ngono. Usimpangie mwenye cheti mavazi ya kazi zaidi ya yale ambayo sheria imekwisha kuyapanga. Usimtake afanye mtihani mwingine, apimwe afya tena, au achukue kibali kingine cha kuchua. Usimkataze kuchua misuli ya makalio, maana yeyote aliyewahi kuumwa kiuno anajua maumivu yanaanzia huko.

Na kuna huu, ambao naupenda kuliko yote: mji usimkataze mchuaji anayefanya kazi peke yake, au na msaidizi mmoja, kufunga mlango wa nje. Miji ilitaka milango iwe wazi ili polisi waingie ghafla. Sasa mfikirie mwanamke aliye peke yake kituoni saa mbili usiku, mikono imejaa mafuta, mgongo umeelekea mlangoni, na sheria inamwamuru asifunge. Aliyeandika amri hiyo alimwona kama mshukiwa tu. Kwamba anaweza kuvamiwa halikumjia. Bunge lilipolazimika kuangalia upande wa pili wa mlango, liliandika tofauti.

Huo ndio mpango ninaoutetea: serikali kuu au jimbo lithibitishe mtu, mji ukague nyumba, na sheria iandike wazi mahali ambapo mkono wa mji haufiki. Kikikosekana kimoja tu kati ya vitatu hivyo, mpango haufanyi kazi. Cheti bila ukaguzi wa nyumba ndiyo California ya mwaka 2009 hadi 2014. Ukaguzi bila cheti wala mipaka ndio hali yetu.

Hata hivyo sheria nzuri haitoshi pale polisi wanapobaki na mazoea yale yale. Novemba 2017, katika mtaa wa Flushing, New York, mwanamke mmoja Mchina alianguka kutoka ghorofa ya nne wakati polisi wakivamia kituo alichofanyia kazi, akafa. Machi 16, 2021, kijana mwenye bunduki aliwaua watu wanane katika vituo vitatu vya spa ndani na nje ya Atlanta, jimbo la Georgia. Sita kati yao walikuwa wanawake wa asili ya Asia. Muuaji alijieleza kuwa anaondoa kishawishi. Sisemi sheria ndogo ya mji ilimpa bunduki. Nasema kwamba jamii inayowazungumzia wanawake hawa kila mara kama uchafu wa kuhamishwa hukaa vibaya pale anapotokea mtu wa kuwaondoa kwa risasi.

California ilichukua hatua nyingine mwaka 2019, kwa sheria namba SB 233, iliyokataza kondomu kutumiwa kama ushahidi wa ukahaba. Watu wa afya walikuwa wameomba hilo kwa muda mrefu. Mahali ambapo kondomu ni ushahidi, mwenye kituo huzikataza ndani, na biashara inayofanyika inaendelea bila kinga. Naitaja kwa wale wanaodhani msako una hasara ndogo hata usipofanikiwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuchua mwili si jambo la kuja. Pwani mzazi hukandwa kwa maji moto na bibi anayejua, biharusi husingwa, mchezaji aliyeteguka hupelekwa kwa mzee wa mtaa kabla ya hospitali. Kilichoongezeka ni duka: chumba cha kupanga, bango lenye picha ya mawe meusi na ua, kitanda, mafuta, taulo, na msichana aliyesoma miezi mitatu katika chuo cha urembo au ambaye hakusoma kabisa. Spa iliyo ndani ya hoteli ya kitalii haihesabiwi kuwa tatizo la mtaa. Inayohesabiwa ni ile iliyo juu ya duka la vipuri.

Kenya ina bahati ya kuwa na katiba iliyogawa kazi hizi kwa usahihi ambao sijauona mahali pengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti leseni za biashara, kisha linaongeza kwamba usimamizi wa taaluma haumo. Linazipa pia mipango ya ardhi, na kwingine linazipa burudani za umma, pamoja na kamari na leseni za pombe. Basi kaunti inapoandika sheria kuhusu masaji, swali la kwanza ni inaiweka kwenye fungu gani. Ikiiweka kwenye burudani, imerudia kosa la miji ya Marekani ya miaka ya 1970. Ikiiweka kwenye biashara, imebaki na nyumba, na suala la mtu ni la serikali ya kitaifa. Wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao tangu mwaka 2014 na baraza lao la kuwasajili. Mchuaji wa kawaida hana pa kusajiliwa. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anapopanda ngazi hana cha kuuliza isipokuwa leseni ya duka. Hiyo ikiwepo, kinachobaki ni tuhuma na bei ya kuimaliza.

Tanzania leseni ya biashara ya aina hii hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, kundi B likiwa mikononi mwa halmashauri. Mgawo wa maeneo uko chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Afisa biashara ana leseni, afisa afya ana usafi, afisa mipango ana ramani, na kila mmoja ana kipande. Juu yao yupo mkuu wa wilaya, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Kwa hiyo jambo linapomfikia yeye huwa limekwisha kuwa operesheni. Tumeziona kwenye taarifa za habari: gari la polisi, mgambo, kamera, na wanawake wamejifunika nyuso kwa khanga na mashuka wakipandishwa. Mwenye kituo haonekani kwenye picha. Mwenye nyumba anayepokea kodi haonekani. Mteja haonekani. Kuendesha danguro ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ya Kenya pia, tena kosa la anayeendesha, lakini anayepandishwa garini ni aliyeajiriwa.

Ukitaka kuona ukaguzi unaofaa unavyokuwa, mfikirie afisa afya akiingia saa nne asubuhi, na kitambulisho chake shingoni. Anatazama kama kuna sinki la kunawia ndani ya chumba au karibu. Anauliza shuka hubadilishwa kwa kila mteja na hufuliwa wapi. Anasoma chupa ya mafuta kama ina lebo. Anatazama vyeti ukutani na picha zake, analinganisha na walio kazini, anauliza mkataba na siku ya mshahara. Anafungua chumba cha nyuma kuona kama kuna godoro na mabegi, maana mfanyakazi anayelala kazini na hajui mshahara wake ni kiasi gani ndiye anayehitaji msaada, na maswali hayo mawili yanafichua mengi kuliko uvamizi wa usiku. Anaandika, anaacha nakala, anaondoka. Akirudi mara ya pili na kasoro zimebaki, leseni inasimamishwa, na jina la mwenye nyumba linaandikwa pamoja na la mpangaji.

Umbali kutoka shule nitaupitia haraka. Sina ugomvi na halmashauri inayotaka kituo kisifunguliwe ndani ya jengo la makazi lenye ngazi moja ya kupandia, au kinachotaka kufanya kazi hadi usiku wa manane kiwe kwenye barabara ya biashara. Hayo ni masharti ya majirani na yanaweza kuwekwa kwa saluni au kwa mashine ya kusaga. Sharti la mita kadhaa kutoka kila nyumba ya ibada, katika Kariakoo au Eastleigh, ni kufuta biashara nzima kwa lugha ya vipimo, kwa kuwa hakuna sehemu itakayobaki kwenye ramani. Halmashauri ikitaka kupiga marufuku iseme hivyo na itoe sababu zake hadharani. Na ijue kwamba kazi haitakoma. Itahamia kwenye nyumba za kupanga kwa siku na kwenye namba za simu, ambako afisa afya hafiki kabisa.

Linalobaki ni wale ambao tayari wako kazini bila cheti, na hapa ndipo sheria nyingi huvunjika siku ya kwanza. California ilipopandisha kiwango hadi saa 500 iliwaacha waliokwisha kupata cheti cha saa 250 waendelee kukihuisha, hivyo hakuna aliyeamka Januari 2015 akajikuta mhalifu kwa kazi aliyoifanya Desemba. Kwetu wengi walijifunza kwa kutazama, kwa shangazi au kwa mwajiri wa kwanza, na kuwaambia wote warudi darasani kwa ada ya chuo ni kuwafukuza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, tayari ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mafundi wengi wamepita humo. Mchuaji aitwe, apewe mtu wa kumchua mbele ya mkufunzi, aulizwe kwa Kiswahili nini asiguse kwa mama mjamzito, kwa mwenye shinikizo la damu, kwa mguu uliovimba upande mmoja. Akijua, aandikwe jina na apewe cheti chenye picha yake. Asiyejua apewe miezi kadhaa na mahali pa kujifunzia.

Gharama ya upimaji huo isibebeshwe msichana anayelipwa kwa kamisheni. Ikatwe kwenye ada ya leseni ya mwenye kituo.